Aliyehesabu Mayai ya Mbu

Madale, Dar es Salaam
Jumapili, 9 Machi 2025

Dada yangu mpendwa Demetria,

Shikamoo, dada. Barua hii ikukute umeketi, goti lako limepata nafuu na ile dawa ya kuchua imekusaidia. Shemeji Ansbert anaendeleaje? Mwanangu Jenipher aliniambia alimsikia akikohoa kwenye simu. Mwambie aache kulala dirisha wazi, baridi ya Kamachumu haina urafiki na mtu wa umri wake. Sie huku wazima. Jenipher anasoma vizuri, yuko mwaka wa pili sasa, na mvua zimeanza kuichimba barabara yetu ya huku mlimani, lakini tumezoea.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Wiki hii umenipigia mara nne, na mara zote nimekutumia ujumbe kwamba niko kanisani au niko sokoni. Sikuwa kanisani wala sokoni. Nilikuwa barazani naitazama simu ikiita. Wewe kwenye simu unauliza, mie najibu haraka, na jibu la haraka limeshaniponza. Karatasi hainiharakishi. Jirani yetu Anselmo anasafiri kwenda Bukoba Jumanne, nimemwomba akukabidhi mkononi. Nakuomba uisome peke yako kwanza, mpaka mwisho.

Unaijua kazi yangu ya pale kituo cha utafiti, lakini sidhani kama niliwahi kukueleza hasa nilichokuwa nakifanya kwa miaka kumi na tisa. Nilikuwa nahesabu mayai ya mbu. Mbu wale wanaoleta homa ya dengue hutaga kwenye karatasi yenye unyevunyevu, basi sie tunaweka karatasi nyeupe ndani ya vizimba vya wavu, wanataga, tunazitoa, tunahesabu. Yai moja ni dogo kuliko mbegu ya mchicha, jeusi, refu kidogo kama punje ya mchele iliyoungua. Nilikuwa nashika lenzi mkono wa kushoto na kidude cha kubonyeza mkono wa kulia, yai moja, bonyezo moja. Karatasi yenye mayai mia nane ilinichukua karibu saa nzima. Hapo ndipo wanapojua kama dawa mpya inapunguza uzazi wa mbu au haipunguzi. Wakubwa waliandika ripoti, lakini namba ilitoka kwangu. Dakta Stanley, mkuu wetu, alikuwa akiwaambia wageni kwamba karatasi ikishapita kwa Jovina, imepita. Nilikuwaga najifanya sisikii, ila nilikuwa nasikia vizuri sana.

Julai mwaka jana akaja Afrah. Binti wa miaka ishirini na minne, wa familia ya Kiarabu ya Kinondoni, baba yake ana duka la vitambaa tangu enzi za babu yao. Amesoma sayansi ya viumbe. Siku ya kwanza aliniamkia shikamoo, akaniita Anti Jovina, akaniomba akae pembeni anitazame ninavyohesabu. Alinitazama siku mbili. Siku ya tatu akaniambia kwamba kuna programu ya kompyuta inayochambua picha za kisayansi, nayo inaweza kuhesabu mayai yale. Nikamuuliza kituo kitaitoa wapi fedha ya kununua kitu kama hicho. Akasema hainunuliwi. Wanasayansi wenyewe wameitengeneza wakaiachia dunia, mtu yeyote anaichukua, hata maandishi yake ya ndani yako wazi, ukitaka kuirekebisha unairekebisha.

Dada, labda ingekuwa ghali ningeumia kidogo. Mtu akishindwa na mtambo wa mamilioni hana aibu. Lakini kitu cha bure, kilichowekwa kwenye kompyuta kuukuu ya ofisini yenye kioo kilichopasuka kona!

Aliipiga karatasi picha kwa simu yake akiwa ameisimamisha juu ya mkebe, akaiingiza. Programu ikaigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, yeye akaiambia weusi wa yai unaanzia wapi na ukubwa wake ni kiasi gani, kisha kila yai likazungushiwa mstari wa njano na kupewa namba. Muda wa kunywa maji kidogo, imekwisha. Ikasema mia nne na tisa. Mie nilikuwa nimehesabu karatasi ileile asubuhi nikapata mia nne kumi na mbili. Watu wa ofisini wakacheka kwa wema tu, wakasema Jovina bado ni Jovina, tofauti ya matatu siyo ishu. Walipoondoka nikafunga mlango, nikaihesabu upya. Nilipata mia nne na tisa.

Sikumwambia mtu. Nilikwenda kunawa mikono, nikajitazama kwenye kioo cha chooni, nikaona macho yangu mekundu, na nilijua si kwa sababu ya lenzi.

Tangu siku ile nikawa mgonjwa wa yule binti. Dakta akamwita kwenye vikao ambavyo mie sikuwahi kuitwa. Picha zake zikaonyeshwa ukutani kwa projekta, mayai makubwa kama maharage, kila moja na mstari wake wa njano, na watu wa idara nyingine wakija kuangalia. Nilihesabu mara ngapi Dakta amelitaja jina lake kwa siku. Nilijua alipofika na alipotoka. Nilikuwa natamani awe na kiburi ili nipate pa kumshika, naye hakuwa nacho. Kila asubuhi shikamoo Anti. Akileta sambusa kutoka kwao, zangu anazifunga pembeni kwa sababu alisikia sipendi pilipili. Nilizila, dada. Nilizila na bado nikamchukia.

Programu ilikuwa na udhaifu mmoja: mayai yakishikana, inayaona kama yai moja kubwa. Afrah akanijia na karatasi, akaniomba nimwonyeshe mafungu yaliyoshikana yana mayai mangapi, ili aifundishe namna ya kuyakata. Ningeweza kumwambia kwa kutazama mara moja tu. Nilimwambia, “Iulize kompyuta yako.” Akasema sawa Anti, akarudi mezani kwake. Alifanya kazi ile peke yake wiki mbili, akaipatia.

Sasa nikueleze kuhusu Brightson, maana ndiye niliyekuandikia kwa ajili yake. Brightson ndiye mtunza mbu wetu. Ni mtu mzima, anakaa Temeke, ana mke na watoto watatu, amekuwa pale kituoni miaka kumi na moja. Yeye ndiye anayewalisha mbu, anabadilisha maji, anatoa karatasi kwenye vizimba na kuzipanga kwenye trei zikauke. Anapenda chai kupita kiasi. Alishawahi kuonywa mara moja kwa kuingia na kikombe chumba cha mbu.

Novemba tulikuwa na jaribio kubwa la dawa mpya ya kuweka kwenye maji. Vizimba sita vilipewa dawa, sita havikupewa, na wafadhili walikuwa wanakuja Ijumaa kusikia matokeo. Jumatano mchana karatasi zote kumi na mbili zilikuwa kwenye trei. Afrah alikwenda kuswali adhuhuri, Brightson alikuwa nje anaosha vyombo. Mie nilikuwa chumbani. Jumatano hiyo nitairudia. Alasiri Afrah alizipiga picha zote, akaziingiza kwa pamoja. Alikuwa ameshaiamini programu, hakuzitazama moja moja, na kosa hilo alikuja kulikiri mwenyewe.

Ijumaa wageni wakakaa, Afrah akasimama mbele, akawasha projekta. Namba zikatoka kinyume. Mbu waliopewa dawa walionekana wametaga mayai mengi kuliko wasiopewa. Mgeni mmoja akauliza kwa upole kama dawa hii inaua mbu au inawanenepesha. Afrah alitazama ukutani, akatazama karatasi yake, akarudia kutazama ukutani. Shingo yake ilikuwa imepauka. Dakta Stanley akageuka akanitafuta kwa macho nyuma ya chumba, akaniomba nichukue lenzi yangu.

Nilihesabu zile karatasi sita za dawa tangu saa nne mpaka saa saba kasoro, wageni wakiingia na kutoka, mmoja akinipiga picha. Nikatoa hesabu. Dawa ilikuwa imepunguza mayai zaidi ya nusu. Nikawaambia kwamba karatasi zina chembechembe za uchafu ambazo jicho la mtu linazitambua, mashine haizitambui. Wakanipigia makofi. Dakta akaniwekea mkono begani. Nikamwona Afrah anakunja waya wa projekta, anaukunja vizuri kabisa, na mie nikala chakula cha wageni siku ile kwa hamu ambayo sikuwa nayo tangu Julai.

Jumatatu Afrah alikuja na majibu. Alikuwa na picha zote. Aliiambia programu impimie kila doa urefu na upana wake. Mayai ni marefu, yote yanafanana, yakakaa kundi moja. Yale mengine yalikuwa na pembepembe, kila moja umbo lake, yakakaa kundi la pili. Akayaondoa hayo kwa amri moja, akabaki na namba zilizokaribiana na zangu mpaka zikanitisha. Kisha akachukua doa moja kwa kibano, akaliweka chini ya hadubini, akamwita Dakta. Lilikuwa jani la chai.

Utajua lilimwangukia nani. Brightson aliitwa ofisini, akaulizwa kuhusu kikombe. Aliapa hakuingia na chai. Wakamkumbusha lile onyo la zamani. Akapewa barua ya kusimamishwa, na ikasemwa kwamba kufikia mwisho wa mwezi mkataba wake utakatizwa. Alipotoka alinikuta kwenye korido. Akaniambia, “Dada Jovina, wewe unanijua. Wewe wanakusikiliza. Niongelee.” Nikamwambia nitaona.

Aliyemwongelea ni Afrah. Yule binti aliyeaibishwa ndiye aliyeingia kwa Dakta mara mbili kusema kwamba Brightson hahusiki. Alisema chai ya kumwagika kwa bahati mbaya ingedondoka popote, mbona imeangukia karatasi sita tu, na zote ni za vizimba vya dawa? Dakta akamwambia asilete hisia kwenye kazi. Afrah akaandika barua ya kumtetea, akapita kwa kila mfanyakazi kuomba sahihi. Alipofika kwangu alisema sahihi yangu mie ndiyo ingekuwa na uzito. Nilimwambia aniachie niisome. Ilikaa kwenye droo yangu siku tisa.

Wivu ni kitu cha ajabu, dada. Nilidhani namwonea wivu kwa programu yake, kwa ujana wake, kwa projekta. Lakini nilipomwona anapita meza kwa meza na barua ile, anaomba watu ambao wiki moja nyuma walikuwa wanamcheka, nilimwonea wivu hata huruma yake. Nilitamani ingekuwa yangu. Na bado sikutia sahihi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Temeke kumwona Brightson. Nilibeba sukari kilo mbili na sabuni, nikijidanganya kwamba nakwenda kumpa pole kama mkubwa wake wa kazi. Walinipokea vizuri mno. Mkewe akanitandikia kitambaa kwenye kiti, akanipikia chai ya maziwa, akaileta kwa magoti kama nilikuwa mama mkwe wake. Nilikishika kikombe sikuweza kukipeleka mdomoni. Brightson alikuwa amepungua. Hakulalamika. Alizungumza habari za watoto, za mvua, kisha akaniambia maneno haya:

“Dada Jovina, nimefikiri sana. Labda ni kweli nilimwaga. Mtu unaweza kufanya kitu usijijue. Ukiweza, waambie nimekubali kosa, wanisamehe.”

Demetria, dada yangu, majani yale ya chai niliyaweka mie.

Jumatano ile mchana, Afrah akiwa anaswali, nilichukua kopo la chai la jikoni, nikachota majani kidogo, nikayasaga kwa vidole na kuyanyunyiza kwenye karatasi sita za dawa zikiwa bado na unyevu ili yashike. Nilichagua zile sita kwa akili zangu timamu. Nilijua picha itayaona meusi. Nilijua nitaitwa. Nilichokuwa sikijui ni kwamba chai ingemtafuta mtu anayependa chai. Sikumkusudia Brightson, lakini nilipoona imemwangukia, niliiacha imwangukie kwa siku kumi na tatu, na mtu asiye na hatia akaanza kujitilia shaka yeye mwenyewe. Naona hilo la pili ni baya kuliko la kwanza.

Pale Temeke nilishindwa kusema. Niliaga, nikarudi nyumbani, Jumapili nikaenda misa sikupokea komunyo. Jumatatu saa mbili asubuhi niliingia kwa Dakta Stanley nikamwomba amwite na Afrah. Nikasema yote nimesimama. Dakta hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Alivua miwani akaniuliza mara moja tu kama nina uhakika na ninachosema. Kisha akanipa karatasi niandike. Brightson alirudishwa kazini wiki ileile, na mie nikakabidhi funguo, lenzi na kile kidude cha kubonyeza. Kwa Brightson nilikwenda mwenyewe kumwambia, kabla hajasikia kwa watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Asante kwa kuja kuniambia,” akaingia ndani. Mkewe hakutoka. Sijapata neno jingine kwake, na sitegemei.

Sasa unaelewa kwa nini nilikuwa sipokei simu. Desemba uliponiuliza kwa nini niko nyumbani, nilikujibu kwamba wameleta kompyuta ya bure na msichana wa Kiarabu kuichezea, wakaniona sina kazi tena. Uongo ule ulinitoka kirahisi kwa sababu nilikuwa nimeuzoea moyoni tangu Julai. Wewe ukauamini kwa mapenzi yako. Ukawaambia wana jumuiya wa kanisani, ukamwambia shangazi, mwezi uliopita ukaniomba namba ya simu ya Afrah ili umweleze mtu anavyotakiwa kumheshimu aliyemtangulia. Kompyuta haikunitoa kazini. Afrah hakunitoa kazini. Dakta mwenyewe alikuwa ameshapanga nisimamie vijana wote wanaohesabu, maana programu inahitaji mtu wa kuikagua, na hilo nililisikia siku naandika maelezo yangu.

Nikueleze alichosema Afrah, maana ndicho ninachoamka nacho kila siku. Nilipomaliza kukiri alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, mikono mapajani. Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Aliniuliza, “Zile hesabu ulizotoa siku ya wageni, za karatasi sita, zilikuwa za kweli?”

Nikamwambia zilikuwa za kweli, yai kwa yai.

“Basi nitazitumia,” akasema. Akasimama akarudi kazini.

Na alizitumia. Wiki iliyopita amenitumia ripoti kwenye simu, bila salamu, ripoti tu. Karatasi zile sita zimeandikwa kwamba zimehesabiwa kwa mkono, na pembeni kuna jina langu. Nililitazama jina lile muda mrefu. Halafu nikaona jina lake liko juu ya langu, na nitakuambia kweli, kwa vile nimeamua kukuambia kweli: liliniuma. Baada ya yote haya, bado liliniuma. Padre ananiambia kwamba wivu hauondoki kwa siku moja. Mie naona wangu hata njia ya kutokea haujaijua.

Kwa sasa nimepata kibarua siku tatu kwa wiki kwenye zahanati ndogo Mwananyamala, nasoma vipimo vya malaria kwenye hadubini. Niliwaeleza kwa nini nimeacha kazi ya kwanza kabla hawajaniuliza. Mwenye zahanati alifikiri siku mbili, akanichukua.

Ombi langu ni moja, nalo ni zito kwako kuliko kwangu. Jumamosi mkikutana jumuiya, wale uliowaambia kwamba mdogo wako amenyang’anywa kazi na binti wa watu, waambie sivyo. Si lazima uwasomee barua. Waambie tu kwamba Jovina alikosa, na binti hakukosa. Nimekufanya useme uongo ukiwa na moyo safi, na hilo naomba unisamehe kwanza kabla ya mengine. Ukikasirika usinipigie mpaka hasira ipungue. Ukinipigia, nitapokea.

Msalimie sana shemeji Ansbert, na shangazi, na majirani wote wanaoniulizia. Jenipher anakuamkia. Yeye nilimwambia juzi. Alilia, kisha akanipikia ugali tukala. Mungu awalinde huko nyumbani na mvua hizi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Jovina